Kumbukumbu ya mradi: 3 Juni yakaa mahali pake

Hatimaye kalenda ya programu yangu ya bure ya liturujia (ibada za Kanisa Katoliki) inaiheshimu tarehe 3 Juni. Masomo ya Misa na Masifu (sala za Kanisa za kila siku) yalikwisha kusomeka bila bando, na Pasaka ilikokotolewa vizuri. Kilichogoma ni Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda wanaoadhimishwa siku hiyo.

Maktaba ya msimbo (programu iliyoandikwa tayari) niliyoiazima hufuata kalenda ya Kanisa zima, ambamo siku hiyo ni kumbukumbu tu, daraja la chini, ilhali kwetu Uganda ni sherehe, daraja la juu, tena ni sikukuu ya taifa. Kuipandisha daraja kulikuwa kazi ndogo. Kilichoninyima usingizi ni miaka ya migongano: mwaka 2001 iliangukia Pentekoste, 2012 Utatu Mtakatifu, 2016 Moyo Mtakatifu wa Yesu, 2018 Mwili na Damu ya Kristo, na 2029 itaangukia hapo tena. Katika jedwali la siku za kiliturujia, linalozipanga kwa daraja, zote hizo huitangulia sherehe ya nchi, na sherehe iliyozuiwa huhamia siku ya karibu iliyo wazi. Basi programu, kwa utii wake wote, ikaipeleka tarehe 4 kila mara. Kikanuni ni sawa, lakini mwone hujaji aliyefika kwa miguu Namugongo, mahali pa hija ya mashahidi hao, anafungua simu alfajiri ya tarehe 3 na hakuti jina la shahidi hata mmoja!

Sasa kuna faili ya maandishi matupu, inayosomwa baada ya hesabu zote, yenye mwaka, tarehe na uamuzi wa maaskofu ukiwapo. Usipokuwapo, tarehe 3 huonyesha chini ya sherehe ya siku: "Mashahidi wa Uganda: kesho". Jedwali la hifadhidata ya SQLite nililokuwa nimelianza nimelifuta, kwa sababu katekista anaweza kusahihisha maandishi kwa simu yake, na sioni haja ya kumfundisha hifadhidata kwa ajili ya mistari michache.

Zamu ilikuwa ya nyimbo za Misa, lakini faili hiyo imenizalia kitufe cha "Kwa nini leo?", kinachotaja siku iliyoshinda, iliyoshindwa na kanuni iliyoamua. Nyimbo zimewekwa kando. Kitufe kimepita mwaka 2018 salama, ila kimekwama 19 Machi 2028, Jumapili ya tatu ya Kwaresima: kinamhamishia Mtakatifu Yosefu tarehe 20, kama ipasavyo, kisha sababu kinaiacha tupu.