Drasena chini ya Nyiragongo: kumbukumbu ya maji, udongo na ncha za majani

Drasena tatu ninazozitunza sebuleni kwetu Himbi, mtaa wa Goma, ni za aina ambayo kila muuza miche wa Goma anaijua: shina nene kama la mti mdogo, majani marefu yanayoinama, na mstari wa njano unaopita katikati ya kila jani. Jina lake la kitaalamu ni Dracaena fragrans, na asili yake ni misitu ya Afrika ya kitropiki, ambako humea chini ya kivuli cha miti mikubwa. Hali ya hewa ya mji wetu, ulio kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, haiisumbui. Baridi iliyo chini ya nyuzi 10 huidhuru, lakini ndani ya nyumba zetu baridi ya namna hiyo haiingii hata usiku wa mvua. Kilichonishughulisha tangu mvua za mwezi wa tatu ni ncha za majani.

Jani la chini kabisa ndilo lililoanza. Nchani palitokea doa la rangi ya majivu, dogo kama punje ya mtama. Doa likawa la kahawia, likakauka na kujikunja, na kati ya sehemu iliyokufa na iliyo hai pakabaki utepe mwembamba wa njano. Baadaye ukingo wa jani nao ukaanza kuungua, lakini majani machanga ya juu hayakuwa na alama yoyote. Majirani walinishauri niongeze maji, kwa nia njema kabisa, ila drasena yenye kiu hulegeza majani yake yote, nayo haikuwa imelegea. Tena kidole nilichokichomeka kwenye udongo kilitoka na unyevu. Dalili zote, kuanzia majani ya zamani hadi ule utepe wa njano, zilielekeza kwenye floridi, yaani madini ya florini yanayoweza kuwemo majini.

Floridi iliyoyeyuka katika maji huingilia mizizini, hupanda pamoja na maji hadi kwenye jani, na maji yanapotoka kama mvuke, yenyewe hubaki. Kwa kuwa haina njia ya kurudi, hulundikana mwisho wa safari yake, yaani nchani na kingoni, mpaka seli za hapo zife. Jani lililoishi muda mrefu limepitisha maji mengi zaidi, ndiyo maana huungua kabla ya mengine. Drasena ni miongoni mwa mimea inayodhurika upesi sana kwa jambo hili: Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja ya maji ya kunywa, lakini mmea huu unaweza kuungua kwa maji yenye chini ya miligramu 1.

Hapa kwetu chanzo chake kiko juu ya vichwa vyetu. Moshi wa volkeno ya Nyiragongo na wa jirani yake Nyamulagira hubeba gesi zenye salfa, klorini na floridi, na mvua inayopita ndani ya moshi huo huziosha na kuzishusha juu ya mabati, kisha kwenye matangi na bidoni zetu. Watafiti waliochunguza maji ya mvua wakati Nyamulagira ilipolipuka Januari 2010 walikuta kwamba moshi huo ulikuwa umebadilisha kemikali zake. Kuyachemsha maji hakusaidii, kwa sababu maji hupungua na floridi hubaki vilevile. Na kuyaacha yalale usiku kucha kwenye ndoo wazi, jambo linalopendekezwa mara nyingi, huondoa klorini ya bombani tu.

Kwa hiyo niliamua kuzimwagilia drasena zangu maji tofauti, kila moja na yake. Ya kwanza ilipata maji ya mvua ya mwanzo, yale yanayoosha bati lililokaa siku nyingi bila mvua, na ndiyo iliyoungua zaidi. Ya pili ilipata maji ya ziwa. Ncha zake zilitulia, lakini majani mapya yalianza kutoka yakiwa yamepauka huku mishipa ikibaki ya kijani, na hiyo ni dalili ya kukosa chuma: maji ya ziwa Kivu ni ya alkali, yaani kinyume cha asidi, pH yake (kipimo cha hali hiyo) ya juuju ikikaribia 9, na katika udongo uliofikia hali hiyo chuma kipo lakini mizizi haiwezi kukichukua. Ya tatu ilipata maji ya mvua niliyoyakinga baada ya bati kuoshwa vizuri na mvua yenyewe, nayo ndiyo iliyo na afya kuliko zote. Sasa nina matangi mawili, na la pili hulifungua mvua ikiwa imekwisha kunyesha kwa muda mrefu. Ni kazi ya kungoja barazani na mwavuli, na naifanya kwa moyo wote.

Upande wa udongo mji wetu umebarikiwa. Lava iliyoteremka Januari 2002 ikafunika sehemu ya katikati ya mji imetuachia mawe tele, na yale mepesi yenye matundu, yakipondwa hadi ukubwa wa maharage na kuoshwa mpaka maji yatoke safi, huipa mizizi hewa na kupitisha maji upesi. Nachanganya sehemu moja ya changarawe hiyo na sehemu mbili za mboji iliyoiva, kisha naongeza kijiko cha chai cha chokaa ya kilimo, kwa kuwa kalisi iliyomo ndani yake hukamata floridi na kuizuia isiingie mizizini, mradi chokaa isizidi hata udongo ukawa wa alkali kama maji ya ziwa. Mbolea ya superfosfeti siitumii, kwa kuwa hutengenezwa kwa mawe ya fosfeti ambayo yana floridi yake. Mara kwa mara namimina maji mengi yapite hadi chini, kisha namwaga yote yaliyokusanyika sahanini.

Kuhusu mwanga nitasema machache. Ushauri wa Ulaya wa dirisha linalotazama kusini haufai hapa karibu na ikweta, kwani mwezi wa sita jua hupita kaskazini na mwezi wa kumi na mbili hupita kusini. Nimeziweka karibu na dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi. Pakiwa na giza, mstari wa njano hufifia.

Ncha iliyokufa haifufuki. Naikata kwa mkasi kwa kufuata umbo la jani, nikiacha ukingo mwembamba wa kahawia ili nisiijeruhi sehemu iliyo hai. Mvua zikirudi mwezi wa tisa nitalikata shina la drasena ndefu kuliko zote: kisiki kitachipua chini ya mkato, na kipande cha juu nitakipanda katika changarawe ya lava yenye unyevu. Kipande hicho kitamwagiliwa maji ya tangi la pili peke yake tangu mzizi wa kwanza, na majani yake mapya ndiyo nitakayoyalinganisha na yale ya mama yake.