Kutoka Vuga hadi Ngara: kuzisoma sinema za zamani kwa nyuma

Mtu akitafuta jumba la sinema la zamani hukimbilia kutazama mbele, palipokuwa na jina na taa. Mbele ndiko kunakobadilishwa kwanza: mpangaji mpya anapachika bango lake, anavunja dirisha la tiketi, anaweka vioo. Nyuma na ubavuni hakuna anayejisumbua nako, na huko ndiko jengo linakojisema. Ukuta mrefu usio na dirisha hata moja katikati ya mji wenye joto, milango miwili mitatu ya chuma inayofungukia nje, na juu ya paa upande wa barabarani bomba la moshi lisilo na jiko chini yake. Kwa alama hizo nimesafiri kutoka Unguja hadi Dar es Salaam, kisha kwa basi kupitia Tanga na Mombasa hadi Nairobi.

Unguja kazi inafanyika kwa miguu, kwani sinema tatu za mjini zilikaa karibu karibu. Ukishuka kwenye boti uko Malindi, mtaa wa Cine Afrique. Hapo pana funzo la kwanza: kabla ya Mapinduzi ya 1964 ukumbi huo uliitwa Sultana, kwa hiyo ukiuliza kwa jina moja utapata nusu tu ya habari. Mzee aliyehama kisiwani kabla ya 1964 anaijua Sultana, aliyezaliwa baadaye anaijua Cine Afrique, na wote wanazungumzia viti vilevile. Empire ilikuwa jirani na Soko la Darajani. Usipite hapo bila kuzungumza na akina bibi. Zanzibar kulikuwa na shoo za wanawake peke yao, na walioziingia wanakumbuka vitu ambavyo wanaume hawakuvitazama: ngazi ya balkoni ilikuwa upande gani, watoto walikaa wapi, nyimbo za picha za Kihindi zilizoimbwa ukumbi mzima. Ukishatoa shikamoo, usiulize “sinema ilikuwaje?” Uliza “bibi, ukishakata tiketi ulipita mlango gani?” Jibu la swali hilo unaweza kulichora.

Majestic iko Vuga. Jengo la kwanza pale lilikuwa sinema ya Royal ya miaka ya 1920, kazi ya J. H. Sinclair, yuleyule aliyechora jumba la makumbusho la Beit al-Amani. Liliungua moto, na mwaka 1955 likasimama jipya la mtindo wa Art Deco lililochorwa na Dayalji Pitamber Sachania. Mwaka huo una uzito wake. CinemaScope, mfumo wa picha pana, iliingia sokoni 1953, na kabla yake picha ilikuwa karibu ya mraba: upana ni mara 1.37 ya kimo. Skrini ya kimo cha mita 5 ilihitaji upana wa mita 7 hivi. CinemaScope ya kimo hichohicho ilidai takriban mita 12. Kumbi zilizojengwa kabla ya 1953 hazikuwa na nafasi hiyo, ndiyo maana katika nyingi utakuta nguzo za pembeni mwa jukwaa zimechongwa, au skrini mpya imesogezwa mbele ya jukwaa la zamani. Basi chukua futi kamba upime uwazi wa jukwaa kabla hujauliza umri wa jengo. Ukikuta mita 7 au 8 bila alama ya kubomoa, uko ndani ya ukumbi wa zamani, au ukumbi uliokosa fedha za kupanuliwa.

Chumba cha projekta ndicho roho ya jumba, nami naona ni huzuni kubwa kwamba wapiga picha wengi hawapandi huko. Ukisimama jukwaani utazame ukuta wa nyuma, juu ya balkoni, hesabu matundu. Kila projekta ina mawili: la chini la mwanga, la juu kidogo la jicho la opereta. Manne maana yake ni projekta mbili, na la tano mara nyingi ni la slaidi za matangazo. Projekta mbili zilihitajika kwa sababu filamu ya milimita 35 hupita futi 90 kwa dakika, na rili (gurudumu la filamu) ya futi 2,000 huisha kwa dakika 22 hivi. Picha ya Kihindi ya saa tatu ni rili 9 au zaidi. Opereta alikodolea macho kona ya juu kulia ya picha. Kitone cha kwanza kikitokea, anawasha mota ya projekta ya pili, na kitone cha pili kikitokea, sekunde kama 7 baadaye, anageuza mwanga na sauti. Akichelewa, skrini inabaki nyeupe na ukumbi unapiga miluzi.

Lile bomba la moshi ni la taa ya kaboni. Vijiti viwili vya kaboni viliunguzwa kwa umeme ncha kwa ncha, vikitoa mwanga mkali pamoja na moshi na gesi zisizofaa kuvutwa. Vijiti viliisha vikiungua, hivyo mwanya kati yake ulipaswa kurekebishwa kila mara, la sivyo picha iligeuka ya manjano kisha ikazimika. Jumba lisilo na bomba huenda lilifungwa taa za xenon, za gesi na zisizo na vijiti, baadaye, au bomba limezibwa: tazama dari ya chumba kama ina kiraka cha duara.

Chunguza pia vifuniko vya chuma juu ya matundu. Filamu za zamani za nitreti, zilizoacha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ziliwaka kwa kasi isiyozimika kwa maji. Vifuniko vilishikiliwa na kipande cha madini laini kinachoyeyuka kwa joto, ili moto ukizuka vidondoke vyenyewe na watazamaji wapate muda wa kutoka. Ukikuta makopo ya filamu, usiyafungue ndani ya chumba. Yakinuka siki, filamu ni ya asetati iliyoanza kuoza: itenge na nyingine, maana mvuke wake huharakisha uozo wa zilizo jirani. Ukiona ungaunga wa kahawia au filamu imeganda na kunata, iache hapohapo uwaite wa zimamoto. Na mbao za dari usizivunje, nyingi za enzi hizo zina asibesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Kwenye balkoni kanyaga juu ya mihimili, mistari ya misumari itakuonyesha ilipo.

Dar es Salaam inahitaji mwendo mrefu zaidi: Avalon Mtaa wa Zanaki, Empress Mtaa wa Samora, kisha Empire, Odeon, Cameo, New Chox. Hapa ndipo kufifia kwa sinema kunapoeleweka. Majumba ya kupangisha yalitaifishwa 1971, na uingizaji wa filamu ukashikwa na Tanzania Film Company. Fedha za kigeni zilipoadimika, nakala zilezile zilizunguka mikoani mpaka matundu ya pembeni ya filamu yakachanika. Kila ilipokatika ilikatwa na kugundishwa, na picha ikapungua dakika. Miaka ya 1980 video ikamalizia. Wengi wanasema televisheni ndiyo iliyoua sinema, lakini Tanzania Bara televisheni haikuwepo mpaka 1994, na Zanzibar ilikuwa na ya rangi tangu 1973 huku watu wakiendelea kukata tiketi.

Drive-In ya Msasani, sinema ya kutazamwa ukiwa ndani ya gari, iliyofunguliwa 1966, usiitafute kwa kamera. Kiwanja chake ndicho ulipo Ubalozi wa Marekani, uliohamia hapo 2003 baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 1998, na kupiga picha hairuhusiwi. Itafute kwenye picha za angani za miaka ya 1960 na 1970. Sinema ya magari haifichiki kutoka juu: matuta ya nusu duara yanayofuatana, yakielekea skrini moja. Kila tuta liliinua matairi ya mbele ili abiria waone juu ya gari lililo mbele yao.

Tanga nilipita upesi kuitazama Majestic. Baada ya Horohoro na Lunga Lunga, Mombasa ina Regal, Naaz, Majestic na Kenya Cinema, na huko dereva wa tuktuk mwenye umri atakufikisha bila ramani.

Nairobi majina yamebaki kwenye usafiri hata pale picha zilipokoma. Makanga wanaita Odeon kutwa nzima, mzunguko wa Globe unajulikana na kila dereva, Bellevue ni kituo cha Mombasa Road palipokuwa na sinema ya magari, na Thika Road kuna mtaa unaoitwa Drive-In kwa sababu hiyohiyo. Cameo ya Kenyatta Avenue itafute pia kwa jina la Theatre Royal, iliyofunguliwa 1912. Kule Ngara, Shan ndilo jumba ninalowashauri watu waanzie, kwa kuwa limegeuzwa Sarakasi Dome na bado linafanya maonyesho. Wanasarakasi wanahitaji kilekile ambacho sinema ilihitaji, yaani nafasi pana isiyo na nguzo katikati. Ghala nalo linaihitaji nafasi hiyo, lakini ghala husawazisha sakafu iliyoinama kwa kumwaga zege. Zege likishamwagwa, mteremko wa viti haupimiki tena. Pima mapema: mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa maji unatosha kujua tofauti ya kimo kati ya mstari wa kwanza wa viti na wa mwisho.

Kinachobaki ni karatasi. Kenya Cinema na Nyaraka za Taifa za Kenya ziko barabara moja, Moi Avenue. Kwa Zanzibar nyaraka ziko Kilimani. Omba magazeti ya kila siku, fungua ukurasa wa matangazo ya sinema, andika jina la ukumbi, tarehe na saa za shoo, kisha ruka miezi sita mbele, na mingine sita. Jina likitoweka, rudi mwezi kwa mwezi mpaka upate tangazo la mwisho. Liweke pamoja na vipimo vya jukwaa, idadi ya matundu na maneno ya wazee, kila kimoja na tarehe yake, na nakala moja mpe anayelitumia jengo hilo sasa.