Jinsi nilivyoielewa kadi ya Medicare ya ami yangu

Ami alirudi Wete kutoka Marekani akiwa na miaka 65, kadi ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya huko kwa wazee, mfukoni. Tulipokwenda nayo hospitali haikupokewa. Aliumia sana. "Mwanangu, kila mwezi wananikata, na huku silipiwi hata kidonge. Naifuta."

Nikamwomba anipe siku mbili. Nilizitandika barua zake zote mkekani, tukasoma aya kwa aya. Kumbe tulikosea kuidhania bima hii kuwa kitu kimoja. Sehemu A ni ya kulazwa. Aliyefanya kazi huko na kukatwa kodi ya Medicare kwa miaka 10 kwa kawaida hatozwi ada ya mwezi. Sehemu B ni ya madaktari na vipimo, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkata. Sehemu D ni ya dawa. Zote, isipokuwa kwa hali chache mno, hazivuki mipaka ya Marekani.

Lakini kuifuta B kungemgharimu. Kwa kila miezi 12 kamili utakayokaa bila B, na huna bima ya kazini, ukirudi unaongezewa asilimia 10 ya ada, na nyongeza hiyo haiondoki. Tena kujiandikisha upya ni Januari hadi Machi tu. Ami hurudi kwa wanawe kila mwaka, na daktari wake wa moyo yuko huko huko. Nilipomwonesha hilo alinyamaza, akaiweka barua ya kufuta pembeni.

B ameibakisha. Pesa za matibabu ya Pemba tunaziweka mbali, kila mwisho wa mwezi.