Kijiti kikavu si ushahidi wa oili pungufu

Asubuhi moja, majuma machache baada ya kulipata gari langu, Porsche 911 SC la mwaka 1982, nilifungua boneti ya nyuma, nikachomoa kijiti cha kupimia oili na kukikuta kikavu. Nilishtuka, nikaongeza lita mbili pale pale, nikakipima tena na kuona oili imegusa ncha tu. Nikaongeza nyingine. Nilipokwisha kuendesha kwa nusu saa, moshi wa buluu ulitoka kwenye ekzosi kwa wingi kiasi kwamba niliamini pete za pistoni, zinazozuia oili isiingie mahali pa kuunguzia mafuta, zimekufa na injini nzima itabidi ifunguliwe.

Injini haikuwa na ugonjwa wowote. Ugonjwa ulikuwa katika namna nilivyopima. Magari mengi huhifadhi oili yake chini ya injini, na ndiyo maana tumezoea kupima injini ikiwa imezimwa. Injini hii ya lita 3.0 haiko hivyo. Oili yake hukaa katika tangi la pembeni, lililofichwa nyuma ya gurudumu la nyuma la kulia, na pampu yake ina sehemu mbili: moja huivuta oili iliyodondokea chini ya injini na kuirudisha tangini, na nyingine huitoa tangini na kuisukuma kwenye beringi na kamshafti. Gari likisimama usiku kucha, oili hujipenyeza polepole kutoka tangini na kushukia ndani ya injini, kwa hiyo kijiti, ambacho hupima tangi peke yake, kinaweza kuwa kikavu ilhali oili yote ipo.

Kipimo sahihi hufanywa gari likiwa mahali tambarare, oili ikiwa imepata joto lake kamili, na injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa. Masharti yote matatu ni ya lazima. Mita ya kiwango cha oili iliyo kwenye dashibodi nayo husema kweli katika hali hiyo tu; ukiwa barabarani inaweza kushuka hadi mwisho bila kuwepo hasara yoyote, na anayeifuata hujikuta akijaza kupita kiasi kama mimi. Oili iliyozidi tangini haina pa kwenda isipokuwa kupitia mpira wa kupumulia hadi kwenye nyumba ya chujio la hewa, na kutoka hapo hunyonywa na silinda na kuungua. Nilifungua plagi ya tangi, nikatoa oili kidogo kidogo huku nikipima upya kila mara kwa utaratibu huo, nikafuta nyumba ya chujio na kuweka chujio jipya. Moshi ulipungua siku hiyo hiyo, na baada ya safari chache ukakoma.

Ulibaki ule moshi mfupi wa kuwashia gari lililokaa siku kadhaa. Huo siuhangaikii, kwa sababu silinda za injini hii zimelala ubavu, na oili kidogo hupita kwenye pete za pistoni gari likiwa limesimama.

Tatizo la pili lilikuwa mita ya presha ya oili, ambayo ilianza kuruka kutoka baa 4 (baa ni kipimo cha presha) hadi sifuri na kurudi. Fundi wa kwanza alishauri tufungue injini. Nilimwomba kwa heshima tusiguse kitu kabla ya kufunga geji ya mkono mahali pa kihisi, yaani kifaa kinachopeleka kipimo kwenye mita ya dashibodi, na geji hiyo ilionyesha presha nzuri, iliyopanda sawasawa na mwendo wa injini. Wenye magari haya hutarajia, oili ikiwa moto, angalau kiasi cha baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, na yangu ilivuka hapo. Kihisi ndicho kilichokuwa kimechoka. Kama geji nayo ingeonyesha presha ndogo, ningekagua kwanza unene wa oili, kisha valvu ya kupunguza presha, ambayo pistoni yake huweza kukwama kwa uchafu, kabla ya kuzishuku beringi.

Joto la oili likipanda kupita kawaida, mimi huanza na mkono. Themostati ya oili, yaani valvu inayofunguka kwa joto, inapofunguka, oili hupelekwa kwenye kipozaji kilichopo ndani ya bawa la mbele la kulia, yaani bodi inayofunika gurudumu. Injini ikiwa moto sana na mabomba yanayokwenda mbele yakabaki baridi, basi oili haifiki huko, na themostati iliyokwama ndiyo ya kushukiwa mwanzo.

Kuhusu uvujaji, siku hizi siruhusu gasketi yoyote (kizibo chembamba cha kuzuia uvujaji) ibadilishwe kabla injini haijaoshwa na kukaguliwa kwa tochi baada ya safari fupi, kwa kuwa hewa ya feni hupeperusha oili mbali na ilipotokea. Kwangu ilidondoka chini ya vifuniko vya valvu, nami nikavilaumu vifuniko. Baada ya kuosha, nikaona inatoka kwenye ringi za mpira za mirija inayorudisha oili kutoka vichwa vya silinda, ambazo zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kama plastiki. Mirija hiyo imebadilishwa yote, na kadibodi ninayotandika chini ya gari kila usiku imekuwa safi tangu wakati huo.