U upande wetu?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sikulala vizuri. Shauri la mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, kati yangu na kaka yangu lilikuwa lisikilizwe Alhamisi kwenye baraza la kata, na kila usiku nilipiga magoti nikaomba neno moja tu: Bwana, mwaibishe. Zaburi zangu nilikuwa nazo tayari, mnazijua, zile za adui kutumbukia katika shimo alilolichimba mwenyewe.

Jumanne binti yangu anayesoma Marekani akanitumia picha kutoka Chuo Kikuu cha Notre Dame, kule Indiana, alikokwenda kumtembelea rafiki yake. Ukuta wa maktaba, futi 134 kwenda juu, umebeba sura ya Yesu Mwalimu akiwa na wanafunzi wake, watakatifu na wasomi wa vizazi vingi. Haukupakwa rangi, ni vipande vya mawe vilivyopangwa. Aliyeubuni ni msanii Millard Sheets, ukazinduliwa mwaka 1964, na jina lake ni Neno la Uzima. Yesu ameinua mikono yote miwili. Sasa, ukuta huo unatazamana na uwanja wa mpira wa Kimarekani, na katika mchezo ule mwamuzi akiinua mikono namna hiyo, timu imefunga. Basi watu wakampa jina la utani. Kwa lugha yetu ni kama kusema Yesu wa Goli.

Nilicheka. Halafu nikanyamaza.

Wale wanatania, na wanajua wanatania. Mimi nilikuwa nafanya kweli. Mwalimu yuko pale afundishe, mimi nimeshamvalisha jezi yangu. Na wageni wakifunga je? Mikono si ileile, iko juu vilevile?

Yoshua karibu na Yeriko aliuliza swali langu: u upande wetu, au upande wa adui zetu? Akajibiwa na amiri wa jeshi la Bwana, La. Wapendwa, La hiyo imenikaa kooni wiki nzima. Badala ya kuahidiwa ushindi kwanza, aliambiwa avue viatu.

Tuache kuombeana mabaya tukayaita vita vya kiroho. Mtu anashika maiki kwenye mkesha, anamsema wifi yake kwa mafumbo, nasi tunaitikia Amina ya kupasua bati. Na wifi huyo usiku uleule yuko kwenye mkesha wa kanisa la pili, naye ana maiki. Mungu amsikilize nani?

Alhamisi baraza liliahirishwa, mwenyekiti alipata msiba. Jana nilishuka mpakani, palepale tunapogombania, nikakata jani la sale nikalifunga fundo kama baba alivyotuonyesha. Kwetu Uchagani ukiletewa sale huna ruhusa ya kukataa kusamehe, na kaka analijua hilo kuliko mimi. Jani liko hapa mezani ninapoandika, ncha yake imeanza kukauka. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake ni hatua kama hamsini. Niombeeni.