Siku ya Kukabidhi: Tafakari ya 1 Samweli 12

Wapendwa katika Bwana,

Samweli alipokuwa amezeeka, na Israeli wamekwisha kupata mfalme waliyemtaka, alisimama mbele ya taifa zima akawataka watu wamshuhudie mbele za Bwana: je, amewahi kutwaa ng'ombe au punda wa mtu, amemwonea yeyote, au amepokea rushwa ikampofusha macho? Hakuna aliyemshitaki. Alijiweka hadharani kwa hiari yake, siku ile ile alipokuwa anaacha madaraka.

Sura hii imenifanya nimfikirie sana George Weah wa Liberia. Alikulia Clara Town, mtaa wa watu maskini jijini Monrovia, akilelewa na bibi yake, na mwaka 1995 akatwaa Ballon d'Or, tuzo ya mwanasoka bora ambayo hakuna Mwafrika mwingine aliyeipata hadi leo. Baada ya kustaafu soka aliingia katika siasa, na hapo ndipo alipokutana na jambo ambalo sifa za uwanjani hazimfundishi mtu. Mwaka 2005 aliongoza duru ya kwanza ya uchaguzi wa urais, kisha akashindwa na Ellen Johnson Sirleaf katika duru ya pili. Alidai kwamba kura zimeibwa, na wafuasi wake wakaandamana Monrovia, katika nchi ambayo vita vyake vilikuwa vimekoma miaka miwili tu iliyopita. Alirudi shule akiwa mtu mzima, akachaguliwa kuwa seneta mwaka 2014, na Januari 2018 akaapishwa kuwa rais.

Utawala wake haukuwa safi kama alivyoahidi, na hatuna sababu ya kulificha hilo. Wananchi waliandamana wakilalamikia ufisadi na ugumu wa maisha, na mwaka 2022 Marekani iliwawekea vikwazo maofisa wake watatu kwa tuhuma za rushwa, naye akawasimamisha kazi. Lakini tukumbuke kwamba hata wana wa Samweli walipokea rushwa na kupotosha hukumu, kama isemavyo sura ya nane. Mikono ya mzee ilikuwa safi, ila nyumba yake haikuwa safi, na watu waliona yote mawili. Anayepewa dhamana huulizwa pia juu ya wale aliowaweka karibu naye.

Ndiyo maana usiku wa tarehe 17 Novemba 2023 una uzito mkubwa kwangu kuliko mabao yote aliyoyafunga akiwa AC Milan. Katika duru ya pili ya uchaguzi wa urais, tofauti kati yake na mpinzani wake, Joseph Boakai, aliyekuwa akiongoza, ilikuwa takribani kura 20,000 tu, na tume ya uchaguzi ilikuwa bado haijatangaza matokeo ya mwisho. Mtu aliyekuwa na jeshi, polisi na ikulu mkononi angeweza kupata kisingizio. Weah alimpigia simu Boakai kumpongeza, kisha akazungumza redioni, akakiri kwamba ameshindwa na kuwaomba wafuasi wake waitangulize nchi mbele ya chama. Naamini kwamba huko ni kunyenyekea ambako Mungu hukutazama, hata kwa mtu ambaye utumishi wake ulikuwa na kasoro nyingi.

Samweli hakuishia hapo. Katika mstari wa 23 wa sura hiyo ya 12 anasema kwamba kuacha kuwaombea watu wale kungekuwa dhambi mbele za Bwana, ingawa walikuwa wamemkataa. Kwetu makanisani mara nyingi huwa kinyume: aliyeondolewa uongozi wa kwaya huacha na kuimba, na mzee wa kanisa asiyechaguliwa tena huhama usharika.

Kwa hiyo nawasihi ninyi mnaomaliza muda wenu mwaka huu, wazee na wahazini: leteni vitabu vya hesabu, funguo na mhuri mbele ya washarika wote, mkubali kuulizwa maswali, na Jumapili inayofuata mje ibadani mkae nasi. Nasi tunaobaki tuwaombee kwa majina, pamoja na wale watakaopokea kazi hiyo kutoka kwenu.