Siku moja maishani mwangu: masaa 20 na Ijumaa ya Ramadhani

Saa kumi na nusu alfajiri

Simu inalia, nje bado giza, na hii ni baridi ya Februari ya Columbus, Ohio, huku Marekani, ile ambayo ukitoka nje dakika mbili pua unaiacha huko. Daku yangu ni wali wa jana, maharagwe ya nazi ya mkebe na maji glasi mbili. Nakula huku nimempigia mamangu Mombasa. Huko ni saa sita na nusu mchana, wanaume wameshaoga wanaelekea msikitini, kwa hivyo nampata peke yake.

Leo ana swali. Jirani amemwambia viza yangu inaisha mwezi wa nane.

"Sasa mwanangu, watakurudisha?"

Namweleza tena, kwa mara ya tatu nadhani. Viza ni ya kupigia hodi. Ukishafunguliwa mlango, kinachokuweka ndani ni fomu ya I-20 inayotolewa na chuo na rekodi ya kuingia, I-94, ambayo yangu imeandikwa D/S: nikae muda wote nitakaokuwa mwanafunzi anayefuata masharti. Viza inaweza kuisha iko kwenye pasipoti na mimi nikaendelea kusoma bila kugombana na mtu. Balaa ni nikitoka. Nikija nyumbani baada ya mwezi wa nane, itabidi niombe nyingine pale ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi: dola 185 ambazo hazirudi hata ukikataliwa, mahojiano, na kurasa zangu za mitandao niziache wazi wazikague.

"Basi kaa huko huko," anasema, halafu ananyamaza. Namsikia akichambua mchele.

Saa kumi na mbili na nusu

Nagonga kadi kwenye mashine ya jikoni. Ninafanya kazi kwenye bwalo la chakula la chuo, upande wa kuosha vyombo. Niliomba upande huo mwenyewe, kwa sababu upande wa pili asubuhi hukaangwa nyama ya nguruwe, na mvuke wa sabuni kwa mtu aliyefunga ni bora mara mia.

Kabla ya kuvaa glavu nafungua daftari langu dogo. Jumapili masaa 4 kwenye meza ya maktaba. Jumatatu 3, Jumanne 3, Jumatano 3, Alhamisi 3, yote hapa jikoni. Jumla 16. Leo nikimaliza itakuwa 19. Kanuni inasema mwanafunzi mwenye hadhi ya F-1, yaani mgeni aliyeruhusiwa kuingia Marekani kusoma, asizidishe masaa 20 kwa wiki chuo kikiwa kinaendelea, na kazi iwe ndani ya chuo. Ukiwa na vibarua viwili kama mimi, vyote vinaingia kapu moja. Wapo wanaodhani ni 20 kwa kila kibarua. Wasidhani.

Saa moja ya mwisho siigusi. Muhula wa kwanza niliwahi kutoka zamuni bila kugonga kadi, mashine ikaendelea kunihesabia hadi jioni, na kwenye karatasi nikaonekana nimefanya masaa 27. Nilikimbia huku na huku siku nne kutafuta wa kushuhudia kwamba saa zile nilikuwa darasani. Tangu hapo nabakisha moja ya tahadhari, kama mtu anayeacha maji kidogo ndooni.

Saa tatu na robo

Nilijua itakuja. Msimamizi wa zamu, kijana Mmarekani ambaye ni mwanafunzi kama mimi, anakuja na ubao wake. Mwenzetu amepata mafua. Je, naweza kubaki mpaka adhuhuri?

Dola 13 kwa saa. Masaa mawili na nusu zaidi. Kichwa kinapiga hesabu kabla mdomo haujafunguka, na hesabu inanipeleka moja kwa moja kwenye bili ya umeme.

Namwambia siwezi, nina 19; darasa la saa nne hata silitaji. Ananitazama kama niliyesema siwezi kwa sababu leo ni Ijumaa. Yeye wiki hii ana masaa 28 na hakuna anayemuuliza. "Ni nusu saa tu inazidi, na nani atajua?" Hana ubaya, hajui tu. Ni masaa mawili na nusu juu ya 19, yaani 21 na nusu, lakini hata ingekuwa dakika kumi jibu lingekuwa lile lile.

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatuelezwi tunapofika. Makosa ya hadhi hayalingani uzito. Ukishuka chini ya krediti 12 za masomo kwa muhula bila ruhusa umekosea, lakini kuna njia ya kuomba urejeshwe, ujieleze, ulipe, usubiri. Kufanya kazi bila ruhusa ni kosa lililotajwa waziwazi miongoni mwa yale yanayokufungia njia hiyo ya kurejeshwa. Ndiyo maana mimi nahofia mashine ya kadi kuliko mtihani.

Namkumbusha kwamba mwezi ujao tuna likizo ya wiki moja, na chuo kikifunga rasmi sisi wageni tunaruhusiwa kufanya kazi muda wote. "Hiyo wiki nipange kadiri upendavyo." Anaandika jina langu ubaoni. Nagonga kadi saa tatu na nusu kamili.

Saa nne hadi saa saba na nusu

Darasa, darasa, Swala ya Ijumaa. Nasoma takwimu. Muhula huu nina krediti 15, na moja ya kozi ni ya mtandaoni, ambayo kwa sisi ni moja tu inayohesabika katika zile 12 za lazima. Sina zaidi la kusema hapo, ila mwalimu wa hesabu za uwezekano anatumia mifano ya kamari na mimi natumia tende.

Saa nane mchana

Miadi katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mshauri wangu ni mama wa makamo, mpole, na ndiye mwenye ufunguo wa rekodi yangu kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Kwa hivyo tunacheka naye, lakini naketi wima.

Habari ni njema: kampuni moja ya bima imenichukua kwa atachmenti ya wiki 12 kuanzia Juni mosi. Kazi ya nje ya chuo haigusiki mwaka wa kwanza. Mimi nimeumaliza, kwa hivyo naweza kuomba CPT, mafunzo ya kazi yaliyo sehemu ya masomo yenyewe. Lazima iungane na kozi, kwa hivyo nimejiandikisha krediti moja ya mafunzo kazini, ambayo nayo inalipiwa (hapa hata ruhusa ya kufanya kazi ina karo yake). Naleta barua ya kampuni: cheo, anwani, masaa kwa wiki, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Yeye anaidhinisha, halafu natolewa I-20 mpya yenye jina la kampuni na tarehe zile zile. Ruhusa ni ya kampuni hiyo tu. Nikikosana nao siendi kwa jirani yao.

Nauliza kama bila umuhimu: kampuni imeniandikia niingie kikao cha mtandaoni cha kujifunza mifumo yao, Mei 28, siku nne kabla. Nitakuwa nyumbani na kompyuta tu. Watalipa masaa matatu.

Anaweka kalamu chini.

"Watalipa?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo ni siku ya kazi."

Na siku ya kazi iliyo nje ya tarehe za I-20 ni kazi bila ruhusa, hata ukiwa umekaa kitandani na leso kiunoni. Ama kampuni ibadilishe tarehe ya kuanza kwenye barua iwe Mei 28, ama nisiingie kikao. Nilikuwa karibu kukubali kwa kubonyeza kitufe. Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu wanaokuja: ulizeni hata swali la kijinga, na ulizeni kabla.

Tunagusa mengine kwa haraka. CPT ya muda kamili ikifika miezi 12, unapoteza OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, ya kiwango hicho cha masomo. Wiki zangu 12 haziniumizi. OPT yenyewe ni miezi 12, na kwa fani za sayansi na hesabu kama takwimu unaweza kuomba 24 zaidi. Maombi ya kwanza hufunguliwa siku 90 kabla ya kumaliza. Ikishaanza, siku za kukaa bila kazi zisizidi 90 katika ule mwaka wa kwanza. Hayo ni ya mwaka kesho kutwa. Natoka pale na orodha ya karatasi tatu na kiu ambayo maji hayaruhusiwi.

Saa kumi alasiri

Maktaba, meza ya kona, fomu za kodi ya mapato. Hata ukiwa hukupata senti unajaza fomu 8843 kusema ulikuwepo. Ukiwa umepata, kama mimi, unaongeza 1040-NR. Mwenzangu mmoja alitumia programu ya bure ya mtandaoni, ikamjazia fomu ya wakaazi na kumpa punguzo lisilo lake. Alifurahi wiki moja, kisha akaanza kuandika barua za kurekebisha.

Mimi yangu ilikuwa kinyume. Kibarua changu cha kwanza walinikata asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, makato ambayo mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida hadaiwi katika miaka yake mitano ya mwanzo. Kwenye dola 260 za wiki, ni karibu dola 20. Nilipeleka malalamiko, nikarudishiwa. Dola 20 Columbus ni mboga ya wiki. Mama huzidisha zile 260 kwa shilingi 129 na kuniita tajiri, mpaka nimtajie kodi ya chumba.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni

Magharibi. Nafuturu kwa jirani wa chini, Msomali aliyeishi Eastleigh miaka tisa na Kiswahili chake bado kina vumbi la Nairobi. Columbus ina Wasomali wengi mno. Mitaa mingine unaweza kushinda siku nzima bila kuhitaji Kiingereza. Tende, sambusa, uji, wali na ndizi pembeni, maana kwao ndizi huliwa na wali na hakuna mjadala.

Nasuka. Nilisukwa na kusuka tangu utotoni, na mikono haikusahau. Hilo ndilo jaribu langu kubwa kuliko jikoni. Wiki hii pekee nimepata jumbe nne: harusi, sikukuu, dada wa mtu. Mmoja ametuma picha ya rasta ndogondogo na kuandika dola 180, taslimu. Zile ni siku nne na nusu za vyombo. Lakini kusuka kwa malipo ni kujiajiri nje ya chuo, na hela imeingia mfukoni mwa nani haijalishi. Ni sawa na kijana anayepeleka vyakula kwa akaunti ya binamu yake, au anayelala zamu za usiku nyumba ya wazee kwa jina la mtu mwingine. Nawajua wa aina zote. Siwahukumu, kwa sababu karo ilipopanda na shilingi ikaporomoka hakuna aliyewauliza wanakula nini. Najua tu kwamba usingizi wao ni mwembamba.

Binti wa jirani, miaka saba, anakaa kati ya magoti yangu na kitana mkononi. Namsuka matuta ya kurudi nyuma, bure, huku mamake akiosha vyombo na kunigombeza.

"Dadangu, hata nauli?"

"Natoka ghorofa ya pili, nauli ya wapi?"

Saa nne usiku

Kundi letu la waliosoma pamoja sekondari linawaka. Aliye Leicester, Uingereza, ana masaa 20 kama mimi. Wa Toronto, Kanada, anajigamba na 24 yake. Wa Perth, Australia, ana 48 kwa wiki mbili, anafanya 40 wiki moja na 8 nyingine, na tunamtukana kwa wivu.

Naingiza mkono mfuko wa koti kutafuta ufunguo na nagusa karatasi. Dola 40, zimekunjwa nne na kufungwa kwa kile kipande cha uzi nilichokuwa nikigawia nywele. Najua ni lini mama wa yule binti kaweka: nilipokuwa nikinawa.

Nazitia kwenye bahasha, naandika jina la mtoto na chini yake "ya viatu vya Idi, kutoka kwa mamako," na kuiweka juu ya buti zangu pale mlangoni.